Yom Kippur: saumu ya saa 25, na deni ambalo saumu hailipi

Msomaji wa Kiswahili anapokutana na habari za Yom Kippur, Siku ya Upatanisho ya Wayahudi, hujikuta msamiati anao tayari. Kufunga kwa Kiebrania ni *tzom*, nasi tuna saumu. *Kippur* ni ya ukoo mmoja na kafara. *Teshuva*, yaani kurejea, ni nduguye toba. Maneno haya yana shina moja katika lugha za Kisemiti, yetu yakiwa yamepitia Uarabuni. Basi mtu huyasikia akadhani siku yenyewe anaijua: ni Ramadhani iliyobanwa ikawa siku moja, au Ijumaa Kuu ya Wayahudi. Sivyo. Kila neno kati ya hayo matatu, ukiligeuza, utakuta limebeba kitu tofauti na unachotarajia.

Tuanze na saumu. Torati inaiweka siku hii tarehe 10 ya mwezi wa Tishri, katika Walawi 16 na 23 na Hesabu 29. Ukiisoma mistari hiyo kwa makini, hutaona ikitaja kufunga. Inawataka watu wazitaabishe nafsi zao na wasifanye kazi yoyote, tangu jioni hata jioni. Kwamba kuitaabisha nafsi ni kuacha chakula na maji, hilo lilitoka katika mapokeo ya mdomo, yakaja kuandikwa katika Mishna, mkusanyo wa sheria uliokamilika Galilaya mnamo mwaka 200.

Siku ya Kiyahudi huanza magharibi, jambo ambalo mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Mwaka 2026, kwa mfano, saumu inaanza Jumapili 20 Septemba kabla ya jua kuzama na kuisha Jumatatu 21 nyota zinapoonekana. Ndiyo maana watu husema saa 25 na si 24: kuna dakika chache za kuongeza mwanzoni, na kuna kungoja giza liingie mwishoni. Nairobi, ambako kuna sinagogi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na karibu na Mbale huko Uganda, kwa Abayudaya, jumuiya ya Kiyahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, jua hushuka wima na utusitusi ni mfupi. London jua huzama kwa mshazari, na hapo dakika za mwisho huwa ndefu kweli.

Kalenda pia imepangwa ili Yom Kippur isiangukie Ijumaa wala Jumapili. Ingeangukia huko, ingepakana na Sabato, na watu wangekaa siku mbili mfululizo bila kupika na bila kuzika. Ikiangukia Sabato yenyewe, saumu inabaki palepale, ingawa saumu nyingine za mwaka zikikutana na Sabato husogezwa siku nyingine.

Makatazo matano, na la sita linalosahaulika

Mishna inataja matano: kula na kunywa, ambavyo huhesabiwa kitu kimoja, kuoga, kujipaka mafuta, kuvaa viatu, na tendo la ndoa.

Maji yamo. Hata kusukutua na kupiga mswaki watu huacha, maana tone likipita kooni limepita. Kuoga kunakokatazwa ni kule kwa kujiburudisha. Uchafu si starehe. Aliyekanyaga matope au aliyembadilisha mtoto nepi huosha pale palipochafuka, basi. Asubuhi, na baada ya haja, vidole huoshwa mpaka kwenye fundo linalovishika na kiganja. Mwenye tongotongo hulifuta kwa kidole kilicholowa. Kujipaka ni pamoja na losheni na marashi ya mwilini, lakini kunusa si kujipaka, na wapo wanaopitishiana sinagogini tunda lililochomekwa karafuu ili wapate kusoma baraka ya harufu nzuri.

Viatu vilivyokatazwa ni vya ngozi. Makubazi hayafai, malapa ya mpira yanafaa. Ndiyo sababu ya ule mseto unaowashangaza wapita njia: wazee waliovaa suti safi na raba za kitambaa. Mkanda wa ngozi hauna neno, kwa kuwa katazo ni la kiatu.

La sita ni kazi. Wanaotaka kuijaribu siku hii huuliza habari za chakula tu, wakasahau kwamba makatazo yote ya Sabato yapo: kuwasha moto, kupika, kuandika, kuendesha gari, kushika simu. Mtu aliyefunga tangu jana huku akijibu barua pepe za ofisini ameshika nusu ya siku. Katika Israeli barabara huwa tupu, viwanja vya ndege hufungwa, redio na televisheni hunyamaza, na watoto hupanda baiskeli katikati ya barabara kuu.

Kwa aliyezoea Ramadhani, haya ndiyo ya kushika. Hakuna daku ya alfajiri, kwa sababu mlo wa mwisho uliliwa jana kabla ya magharibi. Safari haimwondolei mtu saumu. Hedhi haimwondolei mwanamke saumu wala sala. Na aliyeshindwa kufunga kwa ugonjwa halipi siku nyingine, wala hatoi fidia; siku ikipita imepita. Watoto wa chini ya miaka 9 hawafungishwi hata wakitaka wenyewe. Kuanzia hapo huzoezwa kwa kucheleweshewa mlo kwa saa moja au zaidi. Msichana hufunga kwa sharti tangu miaka 12, mvulana 13.

Mgonjwa, kibiriti na shavu

Hapa ndipo sheria inapoingia ndani zaidi, na ndipo watu wazuri wanapokosea vibaya.

Kanuni ya kwanza ni kwamba uhai unaitangulia saumu. Mishna inasema mgonjwa hulishwa kwa kauli ya wataalamu, na wasipokuwepo, kwa kauli yake mwenyewe, mpaka aseme yatosha. Talmudi, mkusanyo wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, ikasogea mbele: tabibu akisema hahitaji kula na mgonjwa akasema anahitaji, anasikilizwa mgonjwa, kwa maana moyo ndio unaoujua uchungu wake. Tabibu akisema anahitaji na mgonjwa akakataa, anasikilizwa tabibu. Aliyeamriwa kula akajikaza afunge, akidhani anajiongezea thawabu, sheria haimwiti mcha Mungu. Amevunja amri ya kulinda uhai. Anayekula kwa ruhusa husoma baraka zake kama kawaida, na katika sala ya baada ya chakula huongeza kifungu cha sikukuu, kwa sababu kula kwake siku hiyo ndiyo ibada yake.

Kanuni ya pili ni ya vipimo. Kosa kamili ni kula kiasi cha tende kubwa pamoja na kokwa yake, au kunywa maji yanayojaza shavu moja. Chini ya hapo bado ni haramu kwa mzima, lakini uzito wake umepungua, na wanazuoni wakaipitia njia hiyo kwa ajili ya mgonjwa ambaye hali yake inaruhusu kula kidogokidogo. Chakula kiwe chini ya mililita 30, yaani kama kisanduku cha kibiriti, kisha asubiri dakika 9 kabla ya kipande kingine. Kinywaji kiwe chini ya shavu lake, ambalo kwa mtu mzima wengi hulikadiria mililita 40 hivi, kwa mwachano uleule. Shavu hujipima kabla ya sikukuu: jaza kinywa maji kadiri kinavyobeba, yateme kwenye kikombe, ugawe kwa mbili. Dakika 9 zikiwa nyingi mno kwa hali yake, rabi humpunguzia.

Ukipiga hesabu, mililita 35 kila dakika 9 ni karibu robo lita kwa saa. Kwa wajawazito na wazee wengi wanaohitaji maji, hiyo ni nyingi kuliko wanayokunywa siku za kawaida. Kwa hiyo njia hii si ya kumtesa mgonjwa. Inaharibika pale anapoianza saa 8 mchana, kichwa kikiwa tayari kinazunguka, badala ya kuianza usiku wa kwanza kama alivyoelekezwa. Inaharibika pia anapodhani maji na chakula vinajumlishwa. Kila kimoja kina hesabu yake, na vinaweza kwenda sambamba. Vikombe na vipande viandaliwe mapema, kwa sababu kupima siku yenyewe kuna matatizo yake.

Vipimo hivi havimhusu mwenye kisukari ambaye sukari yake imeshuka, wala yeyote ambaye hatari iko mlangoni. Huyo hupewa kitu kitamu papo hapo, bila kijiko wala saa. Mwanamke aliyejifungua hafungi siku 3 za kwanza. Kuanzia siku ya 4 hadi ya 7 huulizwa hali yake, na akisema anahitaji kula, anakula. Mjamzito mwenye afya hufunga, ila akianza kuona dalili asizozijua hafanyi ujasiri. Anayemeza dawa kila siku asiiache kwa kuamua mwenyewe; amwone daktari wiki chache kabla, kisha apeleke jibu la daktari kwa rabi. Kuuliza jioni ya sikukuu, simu zikiwa karibu kuzimwa, ni kuchelewa.

Tarehe 9: kula ni amri

Talmudi inasema anayekula na kunywa tarehe 9 huhesabiwa kama aliyefunga tarehe 9 na 10. Kwa hiyo mkesha wa Yom Kippur ni siku ya meza.

Adui mkubwa wa saumu hii si njaa bali kahawa. Maumivu ya kichwa yanayowalaza watu saa 6 mchana mara nyingi ni ya mwili unaodai kafeini yake, na dawa yake ni kuanza wiki nzima kabla: vikombe vinne viwe vitatu, vitatu viwe viwili, mpaka nusu kikombe. Maji hunywewa tangu asubuhi, bilauri moja moja. Lita moja iliyobugiwa dakika ya mwisho itaishia chooni kabla sala ya usiku haijafika katikati. Mlo wa kufungia uwe wa wanga na nyama laini, wali au viazi na kuku wa kuchemsha au supu yake. Chumvi kidogo, pilipili iachwe, na pombe iachwe. Shibe ya kupita kiasi huleta kiu, haileti akiba.

Asubuhi hiyo, au siku chache kabla yake, wengine hufanya *kaparot*: kuku huzungushwa juu ya kichwa mara tatu, huchinjwa, na nyama au thamani yake hupewa maskini. Hapa neno linafanana mno na kafara yetu, na hapa hasa ndipo wanazuoni waliposhtuka. Yosef Karo, aliyeishi Safed katika karne ya 16, alitaka desturi hiyo ikomeshwe. Moshe Isserles wa Kraków akaitetea kwa kuwa ilikuwa imeota mizizi. Siku hizi wengi hutumia fedha badala ya kuku, mara nyingi kiasi kinachogawanyika kwa 18, kwa sababu herufi za neno la Kiebrania lenye maana ya uhai zikijumlishwa huwa 18. Hakuna mwenye elimu anayesema kuku anabeba dhambi akaondoka nazo.

Kabla ya jua kuzama huwashwa pia mshumaa wa kudumu. Utahitajika kesho usiku, na ile inayouzwa kuwa ya saa 24 huweza kuzimika kabla ya saumu kwisha. Tafuta wa saa 26.

Deni

Sasa tumefika kwenye toba, nayo ndiyo kiini. Mishna inayoorodhesha makatazo inafunga mlango huohuo kwa kusema kwamba makosa kati ya mtu na Mungu, Yom Kippur huyapatanisha. Makosa kati ya mtu na mwenzake, haiyapatanishi mpaka amridhishe mwenzake. Unaweza kufunga saa 25, ukalia mpaka sauti ikauke, na ujira wa kibarua uliouzuia ukabaki shingoni mwako vilevile.

Musa bin Maimuni, tabibu na mwanasheria aliyeandika Misri katika karne ya 12, aliipangilia toba hatua kwa hatua. Mkosaji huliacha kosa, hulijutia, huazimia kutolirudia, kisha hulitamka kwa kinywa. Mpangilio una maana. Anayeungama huku kosa bado analishikilia amefananishwa na mtu anayeoga tohara huku ameshika mjusi mkononi: maji yote ya dunia hayatamtakasa mpaka amtupe mjusi. Toba iliyokamilika, kwa Maimuni, hujulikana pale mtu anapokutana tena na nafasi ileile, nguvu anazo, hamu anayo, akaacha.

Katika deni la fedha, rudisha kwanza, omba radhi baadaye. Kurudisha peke yake pia hakutoshi. Aliyeumizwa akikataa kusamehe, mkosaji humrudia mpaka mara tatu, kila mara akifuatana na watu watatu. Akikataa hata mara ya tatu, mkosaji huachiliwa, na mzigo wa ugumu wa moyo humhamia aliyekataa. Mwalimu ni tofauti: kwa mwalimu mtu hurudi hata mara elfu. Aliyekosewa akiwa amekufa, mkosaji hupeleka watu 10 kaburini na kukiri mbele yao, na kama alikuwa na deni lake, huwalipa warithi.

Kosa la siku hizi ni ujumbe mmoja unaotumwa kwa watu 200: "kama nimekukosea, naomba unisamehe." Ni adabu, si toba. Kosa linapaswa kutajwa, isipokuwa pale ambapo kulitaja kutamwaibisha yule yule uliyemkosea. Na vipi ukimsengenya mtu asiyejua kwamba alisengenywa? Wanazuoni wamegawanyika. Wapo wanaosema mwambie, wapo wanaosema kumwambia ni kumjeruhi mara ya pili ili wewe ulale vizuri. Kwa maoni yetu hawa wa pili wana hoja nzito. Na yule anayesema, "Nitatenda tu, Yom Kippur itanifutia"? Mishna inasema waziwazi kwamba kwake haitafuta.

Usiku na mchana wake

Watu huja sinagogini jua bado lipo, wamevaa nyeupe. Wanaume wengine huvaa *kittel*, joho jeupe linalofanana na sanda. Hata hivyo si siku ya msiba. Sehemu ya Mishna iitwayo Taanit inaihesabu miongoni mwa siku za furaha kubwa kuliko zote kwa Israeli. Saumu ya kuomboleza ni ile ya tarehe 9 ya mwezi wa Av. Shali ya sala huvaliwa na waumini usiku huu, jambo lisilo la kawaida, na hujitandwa kabla ya magharibi ili baraka yake isomwe wakati wa mchana.

Kinachosomwa kwanza, *Kol Nidre*, si sala. Ni tamko la kisheria kwa Kiaramu la kutangua nadhiri. Baraza la watu watatu husimama, tamko husomwa mara tatu sauti ikipanda, nalo hutangulia machweo kwa kuwa mambo ya baraza hayafanywi sikukuu. Wakuu wa vyuo vya Babeli walilipinga. Rabi Yaakov Tam wa Ufaransa, karne ya 12, aliligeuza lihusu nadhiri za mwaka ujao badala ya uliopita. Maadui wa Wayahudi Ulaya walilitumia kudai kwamba kiapo cha Myahudi hakiaminiki. Ukweli ni kwamba linagusa tu nadhiri ambazo mtu amejiwekea mbele ya Mungu. Mkataba, mkopo na kiapo cha mahakamani havimo.

Siku za kawaida zina sala tatu. Hii ina tano. Maungamo husomwa mara 10 kwa mpangilio wa alfabeti, ngumi ikigonga kifua kwa kila neno, na yote ni kwa wingi: *tumekosa, tumesaliti*. Asubuhi husomwa Isaya 58, nabii akiwakejeli wanaofunga huku wakigombana na kuwaonea vibarua wao. Katika sala ya nyongeza husimuliwa kazi ya kuhani mkuu Hekaluni kabla ya mwaka 70: mbuzi wawili wanaofanana, kura, mmoja wa madhabahu na mmoja wa jangwani. Hapo waumini husujudu paji chini, na kwenye sakafu ya mawe hutanguliza kitambaa. Wanaoyumba wakati huo mara nyingi ni wale waliosimama ghafla mno.

Alasiri husomwa Yona. Mishna iliona jambo dogo katika kitabu hicho: kuhusu watu wa Ninawi hakukuandikwa kwamba Mungu aliona magunia yao na saumu yao. Kumeandikwa aliona matendo yao, kwamba wameiacha njia mbaya.

Sala ya tano, *Neila*, ni ya malango kufungwa. Sanduku la Torati huwa wazi tangu mwanzo hadi mwisho na wenye nguvu hawaketi. Husomwa Shema, lile tamko la "Sikia, Israeli", mara moja, "Libarikiwe jina" mara tatu, "Bwana ndiye Mungu" mara saba, kisha shofari, baragumu la pembe, inapigwa mlio mmoja mrefu.

Bado hakuna kula. Hutangulia sala ya usiku, kisha *Havdala*, ibada fupi ya kuiaga siku takatifu kwa kikombe cha divai na moto, bila manukato yanayotumika Sabato ikiisha. Moto huo uwe umewaka tangu jana, au umewashwa kutoka kwenye uliowaka tangu jana. Ndipo mshumaa wa saa 26 unapoonyesha faida yake. Kufuturu ni maji au sharubati kwanza, kitu chepesi, na kungoja nusu saa kabla ya chakula chenyewe, kwa sababu tumbo lililokaa kavu hivyo likipewa mafuta hulipiza usiku kucha. Mwezi ukionekana, watu hutoka nje kuusomea baraka. Halafu, kabla ya kulala, mtu huchukua nyundo akagongelea angalau msumari mmoja wa kibanda cha Sukot, Sikukuu ya Vibanda, ambayo iko siku nne tu mbele.